Seli Inapojila Yenyewe: Kwa Nini Njaa Haiui Saratani

Maandishi ya mazungumzo ya afya kwa wakazi wa Kitengela na Kajiado



Mazungumzo ya leo yanaanza na habari inayozunguka sana siku hizi kwenye simu, sokoni na hata nje ya nyumba za ibada. Habari yenyewe inasema hivi: mtu akifunga kula kwa siku nyingi, seli za mwili wake huanza kula takataka zilizomo ndani yake, na pamoja na takataka hizo huila saratani. Msikilizaji huambiwa kwamba jambo hilo limethibitishwa na mwanasayansi aliyepewa Tuzo ya Nobel. Kwa hiyo, habari huendelea, hakuna haja ya upasuaji wala dawa za hospitali. Inatosha kufunga, kunywa juisi fulani, na kusubiri.

Habari hii ni hatari kwa sababu nusu yake ni kweli. Uongo mtupu hutambulika upesi, lakini uongo uliochanganywa na ukweli humeza watu wenye akili zao timamu.

Chukueni mfano wa mama anayeuza nyanya na sukuma wiki katika soko la Kitengela. Si mtu fulani, ni mama wa mfano tu, ila wahudumu wa afya hukutana na wenzake mara kwa mara. Mama huyu amegusa kinundu kwenye titi la kushoto. Hakiumi. Zahanati imempa barua ya kwenda kupimwa hospitali kubwa. Kwenda huko ni nauli, ni siku nzima bila mauzo, na ni hofu. Jioni hiyo jirani anamtumia video ya kufunga. Mama anaamua kujaribu kufunga kwanza, kwa muda wa miezi mitatu. Barua ya hospitali anaiweka chini ya godoro.

Je, ndani ya titi lake kutatokea nini katika miezi hiyo mitatu? Ili kujibu swali hilo, ni lazima kuanza na seli moja.

Kuyeyusha vioo vilivyovunjika

Mwili wa binadamu umejengwa kwa matrilioni ya seli. Kila seli ni kama boma dogo lenye ukuta, jiko, ghala na watu wa kazi. Humo ndani vitu huchakaa kila siku: protini hupinda, na mitambo midogo ya kutengeneza nguvu, inayoitwa mitokondria, huharibika. Seli isiposafisha boma lake, huugua.

Wakazi wa upande huu wanazijua karakana za vioo za Kitengela, ambapo chupa na vioo vilivyovunjika hutiwa kwenye tanuri, vikayeyuka, na kutoka vikiwa bilauri, sahani au mapambo. Hakuna kinachotupwa ikiwa kinaweza kuyeyushwa. Seli nayo ina karakana yake. Kitu kilichochakaa huzungushiwa utando, kikafungwa kama mzigo ndani ya mfuko. Mfuko huo hupelekwa kwenye kifuko kingine chenye asidi na vimeng'enya vikali kinachoitwa lisosomu. Vifuko hivyo viwili huungana, mzigo husagwa, na malighafi iliyopatikana hurudishwa jikoni kujenga vitu vipya au kuchomwa ili kutoa nguvu.

Mwaka 1963 mwanasayansi wa Ubelgiji, Christian de Duve, alilipa jambo hili jina la otofaji, kutokana na maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya kujila mwenyewe. De Duve ndiye pia aliyeongoza ugunduzi wa lisosomu, na alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1974.

Kwa miaka mingi baada ya hapo wataalamu wachache tu walishughulika na karakana hiyo. Kisha Yoshinori Ohsumi wa Japani akachukua hamira, jamaa ile ile ya hamira inayoumusha mandazi, akainyima chakula na kuitazama kwa darubini. Mapema katika miaka ya 1990 alionyesha kwamba hamira yenye njaa hujaza vifuko vidogo vya kusaga, kisha yeye na wenzake wakazitambua jeni zinazoendesha kazi hiyo. Jeni za namna hiyo zipo pia kwa binadamu. Mwaka 2016 Ohsumi alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Hii ndiyo nusu ya kweli ya ile habari ya simu. Otofaji ipo, njaa huiongeza, na Ohsumi alituzwa. Lakini Ohsumi alituzwa kwa kazi ya hamira. Hakuwafungisha wagonjwa wa saratani, wala hakutangaza kwamba kufunga huponya saratani. Maneno hayo yameongezwa njiani.

Mlinzi wa boma, mpaka mwizi aingie

Swali linalofuata ni hili: karakana hii ya seli ni rafiki wa mgonjwa wa saratani, au ni adui? Jibu la sayansi ni kwamba inategemea ni wakati gani.

Kabla saratani haijazaliwa, otofaji ni mlinzi. Kwa kuondoa mitambo iliyoharibika, hupunguza sumu zinazoweza kuchubua jeni za seli, na jeni zilizochubuka ndiko saratani huanzia. Mwaka 1999 Beth Levine na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba jeni moja ya otofaji, iitwayo beclin 1, huzuia ukuaji wa uvimbe. Miaka michache baadaye, panya waliobaki na nakala moja tu ya jeni hiyo badala ya mbili walionekana kupata uvimbe zaidi kuliko wenzao. Mlinzi akipunguzwa, boma huingiliwa.

Lakini mambo hubadilika saratani ikishakuwepo. Seli ya saratani haikutoka nje ya mwili. Ni seli ya mwili huo huo iliyoasi, na imerithi vifaa vyote vya boma, karakana ikiwa mojawapo. Sasa karakana inamhudumia mwizi.

Watu wa Kajiado wanaweza kulielewa jambo hili kuliko watu wengi, kwa sababu waliuona ukame wa 2020 hadi 2023. Mvua ilikosa msimu baada ya msimu. Familia yenye ng'ombe ilifanya nini? Iliuza au kuchinja waliodhoofika ili waliobaki wapate majani. Ilihamisha mifugo kwenda mbali kutafuta malisho. Mfugaji aliyejua kupunguza, kubana na kuhama ndiye aliyefika mwisho wa ukame akiwa na mbegu ya kundi mkononi.

Seli ya saratani huishi katika ukame wa namna hiyo. Uvimbe hukua haraka kuliko mishipa ya damu inayoulisha, kwa hiyo katikati ya uvimbe hewa ya oksijeni ni haba na chakula ni kidogo. Seli nyingi za kawaida zingekufa hapo. Seli ya saratani huchinja vitu vyake vya ndani kwa njia ya otofaji, ikaishi. Mwaka 2011 watafiti walionyesha kwamba baadhi ya saratani, hasa ya kongosho, hutegemea otofaji kiasi kwamba ikizuiliwa katika maabara hupunguza kasi ya kukua. Mwaka 2016 ikaonekana jambo la kushangaza zaidi: seli za jirani zinazozunguka saratani ya kongosho huchochewa kujila zenyewe, na malighafi inayotoka humo huwa chakula cha saratani. Mwizi anamlazimisha jirani achinje ng'ombe wake kwa ajili yake.

Hapo ndipo habari ya simu inapoanguka. Kufunga ili kuongeza otofaji si kumtuma polisi kwa mwizi. Huenda ikawa ni kumnolea mwizi kisu.

Maziwa ya kibuyu na sukari ya damu

Upande wa pili wa jambo hili ni namna seli inavyopata nguvu, yaani umetaboli wake.

Seli ya kawaida yenye oksijeni ya kutosha huchoma sukari ya damu, inayoitwa glukosi, mpaka mwisho na kupata nguvu nyingi. Katika miaka ya 1920 Mjerumani Otto Warburg aliona kwamba seli nyingi za saratani hufanya tofauti. Hata oksijeni ikiwepo, hula glukosi kwa pupa na kuigeuza kuwa asidi ya laktiki. Ni asidi ile ile inayoyapa maziwa ya kibuyu ukali wake. Seli ya saratani, kwa hiyo, huchachusha. Hupoteza nguvu nyingi kwa kila kipande cha sukari, lakini hupata upesi malighafi za kujenga seli nyingine. Na asidi inayomwagwa nje hudhoofisha seli za jirani na kusaidia kufungua njia ya kupenya.

Ugunduzi huo wa zamani unatumika leo karibu na hapa. Mashine za picha za PET, kama zile za Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan jijini Nairobi na Hospitali ya Mafunzo, Rufaa na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, hutumia uroho huo wa sukari. Mgonjwa hudungwa glukosi iliyotiwa alama ya mionzi kidogo, na mahali inapojikusanya kupita kawaida huonekana kwenye picha. Ndivyo daktari anavyoweza kuona kama saratani imebaki mahali pamoja au imekwisha kusambaa.

Basi wengine husema: ikiwa saratani inapenda sukari, mgonjwa aache kabisa ugali, wali na matunda, nayo itakufa kwa njaa. Kupunguza soda na sukari ya chai ni jambo jema kwa kila mtu, kwa sababu unene na kisukari ni mizigo mizito. Lakini hakuna mtu anayeweza kuifikisha sukari ya damu kwenye sifuri akabaki hai. Mtu asipokula, ini lake hutengeneza glukosi kutokana na misuli na mafuta yake, maana ubongo unaihitaji. Saratani itachukua fungu lake humo humo. Tena seli nyingi za saratani zinaweza kubadili chakula, zikala protini na mafuta badala ya sukari. Atakayekonda kwanza ni mgonjwa.

Na kukonda kwa mgonjwa wa saratani si jambo dogo. Ugonjwa wenyewe hula misuli. Mgonjwa aliyekwisha nguvu huvumilia upasuaji kwa shida, na mara nyingi dawa hulazimika kupunguzwa au kuahirishwa. Ndiyo maana wauguzi wa wodi za saratani humhimiza mgonjwa ale: mayai, maziwa, maharagwe, nyama, ndengu, chochote kinachoshuka.

Mbegu na udongo

Sasa ifikie safari yenyewe ya saratani, maana mara nyingi si uvimbe wa kwanza unaoua. Uvimbe wa titi ukibaki kwenye titi unaweza kukatwa. Kinachoondoa uhai ni saratani iliyofika kwenye ini, mapafu, mifupa au ubongo.

Mwaka 1889 daktari wa Uingereza, Stephen Paget, alipitia kumbukumbu za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya titi. Aliona kwamba saratani haikutua ovyo. Ilipenda viungo fulani kuliko vingine. Akaifananisha na mbegu na udongo. Mmea unapokomaa, mbegu hupeperushwa kila upande, lakini huota tu pale zinapokubaliana na udongo. Mkulima wa Loitokitok hahitaji kufafanuliwa hilo.

Safari ina hatua, na katika kila hatua umetaboli na otofaji vina kazi.

Hatua ya kwanza ni kung'oka. Seli za mwili hushikana na kushikilia ukuta wao kama mabati yaliyopigiliwa misumari. Ili kusogea, seli ya saratani hulazimika kuachia misumari ya nyuma huku ikipigilia ya mbele. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba otofaji husaidia kuing'oa misumari hiyo ya nyuma.

Hatua ya pili ni kusafiri. Seli ya kawaida ikitengwa na ukuta wake hujiua. Ndiyo kinga ya mwili dhidi ya seli zinazozurura. Ikitengwa pia hushindwa kuvuta glukosi vizuri na huishiwa nguvu. Lakini mwaka 2008 watafiti walionyesha kwamba seli zilizotengwa huwasha otofaji, na kwa njia hiyo huchelewesha kifo. Ni msafiri aliyebeba nyama kavu mfukoni.

Hata hivyo safari ni ngumu. Katika majaribio ya wanyama, sehemu ndogo sana ya seli zinazoingia kwenye damu hufaulu kuanzisha uvimbe mpya, pengine hata chini ya moja kati ya 1,000. Nyingine hukandamizwa na mkondo wa damu, huuawa na askari wa kinga ya mwili, au hufa njaa. Hii ni habari njema, nayo inaeleza kwa nini muda ni kitu cha thamani. Uvimbe mdogo hutoa wasafiri wachache. Uvimbe uliokaa miezi ukikua hutoa wasafiri wengi kila siku, na katika wengi hawakosekani wachache wa kufika.

Hatua ya tatu ni kulala. Seli iliyofika kwenye mfupa au pafu inaweza kutulia bila kukua kwa miaka, kama mbegu iliyolala udongoni ikingoja mvua. Mwaka 2018 utafiti wa saratani ya titi kwa panya ulionyesha kwamba seli hizo zilizolala huishi kwa kutegemea otofaji. Hii ni sababu mojawapo ya mwanamke aliyetibiwa vizuri kuambiwa aendelee na vidonge na kliniki kwa miaka kadhaa ingawa anajisikia mzima. Anayeacha vidonge kwa sababu haumwi humwachia aliyelala nafasi ya kuamka.

Hatua ya nne ni kuota. Na hapa, cha kustaajabisha, upepo hugeuka tena. Mwaka 2020 watafiti waliona kwamba kwa panya wenye saratani ya titi, kuizuia otofaji baada ya seli kufika ugenini kulizifanya zikue kwa nguvu zaidi. Chombo kile kile kilichomsaidia msafiri njiani kilikuwa kinamzuia asistawi alikofika.

Basi anayesema kwa uhakika kwamba kuongeza otofaji kunaponya saratani, na anayesema kwa uhakika kwamba kuizima kunaponya, wote wawili wameruka ushahidi. Wanaolifanyia jambo hili kazi kila siku katika maabara wanapima kwa makini ni saratani ipi, ya kiungo kipi, na iko katika hatua gani.

Dawa ya malaria iliyorudi kwa mlango mwingine

Sayansi hii imejaribiwa kwa wagonjwa, na dawa iliyotumika ni jina ambalo wazee wa hapa wanalikumbuka. Kabla ya mwaka 1998, mtoto au mtu mzima aliyeugua malaria Kenya alipewa klorokwini, dawa chungu iliyowawasha watu wengi mwili mzima. Iliachwa kuwa dawa ya kwanza ya malaria kwa sababu vimelea viliizoea.

Klorokwini na ndugu yake haidroksiklorokwini hupunguza asidi ndani ya lisosomu. Tanuri likipoa, vioo haviyeyuki. Karakana ya seli hukwama. Kwa hiyo watafiti walijiuliza kama dawa hizi zitainyima saratani chakula chake cha akiba. Wagonjwa wa saratani ya kongosho iliyosambaa walipewa haidroksiklorokwini peke yake, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2014 hayakuonyesha faida ya maana. Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya wagonjwa 112, ambao nusu yao waliongezewa dawa hiyo juu ya tibakemikali. Uvimbe ulinywea kwa wagonjwa wengi zaidi katika kundi hilo, lakini hawakuishi muda mrefu kuliko wenzao. Utafiti unaendelea. Hakuna mtu anayepaswa kutafuta klorokwini dukani kwa ajili ya saratani. Ikizidi kipimo huvuruga moyo na macho.

Vivyo hivyo metformini, dawa ya kisukari inayogusa umetaboli wa seli. Matumaini yalikuwa makubwa, lakini jaribio la wanawake zaidi ya 3,600 wenye saratani ya titi wasio na kisukari, lililochapishwa mwaka 2022, halikuonyesha kwamba dawa hiyo huzuia saratani kurudi.

Je, hakuna njia yoyote ya kuinyima saratani chakula ikafa? Ipo, na Afrika Mashariki ina historia yake. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya uliowapata watoto wa Kiafrika. Uvimbe huo hadi leo unaitwa limfoma ya Burkitt. Mapema katika miaka ya 1960 aliwapa baadhi ya watoto hao methotreksati. Dawa hiyo huizuia seli kutumia foliki, vitamini ile ile wanayopewa akina mama wajawazito kliniki kwa ajili ya kujenga damu na mwili wa mtoto. Seli ya saratani inayogawanyika haraka ikikosa foliki haiwezi kunakili jeni zake, hufa. Baadhi ya uvimbe uliyeyuka kwa siku chache. Mwaka 1967 kikaanzishwa Kampala kituo ambacho leo ni Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Tofauti ni kubwa kati ya hilo na kufunga. Methotreksati hulenga tundu moja, kwa kipimo kinachojulikana, chini ya jicho la daktari. Kufunga hunyima mwili mzima, na saratani ndiyo iliyozoea ukame kuliko wote.

Kufunga kwa ibada ni jambo jingine, na hakuna anayelipinga hapa. Waislamu katika Ramadhani na Wakristo katika Kwaresima wamefunga vizazi na vizazi. Hata hivyo mgonjwa anayetibiwa saratani azungumze na daktari kabla ya kufunga, na viongozi wa dini wenyewe mara nyingi humruhusu mgonjwa ale.

Barua iliyo chini ya godoro

Turudi kwa yule mama wa sokoni. Baada ya miezi mitatu amekonda, na kwa kuwa mwili wote umepungua, kinundu kinaonekana kikubwa zaidi. Chini ya kwapa kuna kingine. Seli zilizokuwa kwenye titi peke yake zimepata siku tisini za kujaribu safari. Huenda bado hazijafika mbali, na huenda zimefika. Hakuna anayeweza kumrudishia siku hizo. Lakini hata sasa hajachelewa kuitoa barua chini ya godoro, maana leo ni mapema kuliko kesho. Na akifika hospitali aseme wazi kwamba alifunga na alikunywa dawa fulani. Mhudumu mzuri hatamkaripia, ila anahitaji kujua.

Kenya ilikadiriwa kuwa na wagonjwa wapya wa saratani zaidi ya 42,000 na vifo zaidi ya 27,000 katika mwaka 2020. Wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umekomaa. Hapo ndipo mkazi wa kawaida anaweza kubadili hesabu kuliko mashine yoyote.

Kinundu kipya kwenye titi au shingo, damu isiyo ya hedhi, damu katika choo au mkojo, kidonda kisichopona, chakula kukwama kooni, kikohozi kisichoisha au kukonda bila sababu: dalili yoyote kati ya hizi ikikaa zaidi ya wiki tatu, ni ya kupimwa. Mara nyingi haitakuwa saratani, na mtu atarudi nyumbani na amani. Pa kuanzia ni zahanati iliyo karibu au mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji, kisha hospitali ya kaunti ndogo kama ile ya Kitengela, na Hospitali ya Rufaa ya Kaunti iliyoko Kajiado mjini. Wanaohitaji zaidi hutumwa Nairobi.

Wanawake wa miaka 25 hadi 49 wapimwe mlango wa kizazi hata kama hawana dalili yoyote. Wasichana kuanzia miaka 10 wapate chanjo ya HPV, inayotolewa nchini tangu mwaka 2019. Chanjo hii humzuia mwizi kabla hajaufikia mlango. Wanaume nao wasifiche shida ya mkojo kwa aibu.

Kuna jambo dogo la nyumbani pia. Saratani ya umio, yaani njia ya chakula, huwapata watu wengi katika ukanda unaoanzia Ethiopia kupitia Kenya na Tanzania hadi kusini mwa Afrika. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitangaza kwamba kunywa vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 pengine husababisha saratani hiyo. Chai si adui. Iachwe ipoe dakika chache. Sigara, ugoro na pombe kali viachwe kabisa.

Gharama huwatisha wengi, na kwa haki. Kila kaya ijisajili mapema na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kwa kubonyeza *147# au kupitia mhamasishaji wa afya, na iangalie kwamba malipo yake hayajakatika. Kujisajili siku ya kulazwa huchelewesha mambo.

Mwisho, neno kwa majirani. Mgonjwa hapotoshwi na adui zake. Hupotoshwa na wampendao, wanaomtumia kila video wanayoiona wakitumaini itamsaidia. Badala ya video, jirani na amtumie nauli. Amwangalizie kibanda sokoni siku moja. Ampikie uji mzito wa maziwa. Amsindikize hadi mlangoni mwa daktari na kumngoja kwenye benchi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa saratani huzibwa ukiwa mdogo.